Shingo si kigingi cha kutundikia kamera

Huenda ukashangaa, ndugu msomaji, kwamba ukurasa uliozoea kuzungumzia malaria, shinikizo la damu na kisukari leo unazungumzia mkanda wa kamera. Tafadhali usikimbilie ukurasa wa michezo. Katika miji yetu ya Kitale na Bungoma upigaji picha ni kazi inayolisha nyumba nyingi. Kuna arusi kila Jumamosi, kuna mazishi, kuna mahafali ya vyuo, kuna maonyesho ya kilimo ya Kitale. Na mwezi wa Agosti, mwaka unapogawanyika kwa mbili, kuna sherehe za tohara za Wabukusu ambazo hazijui usiku wala mchana. Penye shughuli yoyote kati ya hizo pana kijana aliyetundika kamera shingoni, nyingine begani, na begi limemning'inia ubavuni likimgonga paja kila apigapo hatua.

Vijana hao wakija kwa daktari hawasemi kwamba wameumizwa na kamera. Mmoja husema kichwa kinamuuma kuanzia kisogoni. Mwingine husema vidole vinamfa ganzi usiku hata hawezi kulala upande mmoja. Wa tatu huletwa na mkewe, ambaye ndiye aliyegundua kwamba bega moja la mumewe limepanda juu kuliko lingine. Siku hizi, kabla sijaandika eksirei, mimi huuliza swali moja: hebu nionyeshe unavyobeba vifaa vyako vya kazi. Aghalabu jibu la ugonjwa huwa limo mumo humo.

Ninalotaka kusema leo ni rahisi, ingawa najua baadhi ya wapigapicha watalipinga. Mkanda ule unaokuja bure ndani ya kisanduku cha kamera, na ambao kila mtu huuvaa kama mkufu, haufai kwa kazi ya kutwa. Mzigo wa kamera hauna haki ya kukaa shingoni. Mahali pake ni begani ukivuka kifua, mgongoni, au kiunoni. Tena mkanda na begi vichaguliwe kwa kujali umbo na sura, kwa sababu kitu kinachomwaibisha mtu mbele ya watu hakivaliwi, hata daktari akikiandika kwenye karatasi mara kumi.

Tuanze na uzito wenyewe. Watu wazima watawakumbuka wapigapicha wa zamani waliotumia kamera za filamu. Kamera kama Nikon FM2, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na uzito wa gramu 540 bila lenzi, na ukiongeza lenzi yake ndogo ya kawaida haikufika kilo moja. Mkanda mwembamba uliitosha. Sasa tazama anachobeba mpigapicha wa arusi wa leo. Canon 5D Mark III, ambayo ni ya mwaka 2012 na bado imo mikononi mwa wengi kwa kuwa hununuliwa ikiwa imetumika, ina gramu 950 pamoja na betri. Lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200, ile nyeupe inayomfanya kijana aonekane mtaalamu, ina gramu 1,490. Taa ya juu, Speedlite 600EX-RT, ina gramu 425 kabla ya kutiwa betri zake nne. Jumlisha hayo na utakaribia kilo 3. Hiyo ni kamera moja. Wengi hubeba mbili, na lile begi bado hatujaligusa.

Kilo 3 si nyingi, utaniambia. Mama hubeba mtoto mzito kuliko huyo. Naam, lakini mama hambebi mtoto kwa uzi shingoni.

Shingo ya binadamu ina pingili 7, na kazi yake ni kukishikilia kichwa ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5. Kichwa kikikaa wima juu ya pingili hizo, misuli ya nyuma haifanyi kazi kubwa. Kichwa kikiinama mbele, misuli hiyo hulazimika kuvuta ili kisianguke kifuani, na kadiri kinavyoinama ndivyo inavyovuta zaidi. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alichapisha makadirio kwamba kichwa kilichoinamishwa nyuzi 60 huitia shingo mzigo wa kama kilo 27. Hiyo ilikuwa hesabu ya kompyuta, si kipimo kilichochukuliwa kwa watu walio hai, kwa hiyo sishikilii tarakimu zenyewe. Lakini mwelekeo wake ni sahihi. Na mpigapicha huinama namna hiyo mara nyingi kwa siku: anapiga, anainamia kioo kidogo kutazama kama picha imetoka, anapiga tena. Wakati wote huo mkanda unaivuta shingo yake kwenda kule kule inakoinamia.

Kisha kuna upana wa mkanda. Uzito uleule ukikaa juu ya mahali padogo huchoma zaidi, na ukisambazwa mahali papana huwa mwepesi. Ndiyo maana wenye kubeba maji huweka ngata. Mkanda wa sentimita 5 hugusa ngozi zaidi ya mara tatu ya mkanda wa sentimita 1 na nusu. Tena mikanda mingi ya bure ni migumu, hivyo shingoni haikai bapa bali husimama kwa ukingo na kukata. Ukiona mpigapicha amekunja kola ya shati kuelekea juu wakati wa jua kali, si mtindo. Anajikinga na mkanda.

Lipo jambo kubwa kuliko maumivu ya ngozi. Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hutoka kwenye pingili za chini za shingo, hupita kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza, kisha huteremka kwapani hadi vidoleni. Mzigo unaoning'inia begani siku nyingi unaweza kuibana au kuivuta mishipa hiyo. Majeshi yanaujua ugonjwa huu tangu zamani: askari wanaotembea mwendo mrefu na mabegi mazito yasiyo na mshipi wa kiunoni wengine hupata ganzi na udhaifu wa bega au mkono. Kwa askari ni jambo baya. Kwa mpigapicha, ambaye riziki yake iko katika kidole kimoja cha mkono wa kulia, ni mwisho wa kazi.

Na hapa nafika kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Watu hawabadilishi mkanda, wananunua dawa. Kijana akimaliza arusi mbili na mazishi moja, hupita kwenye duka la dawa akanunua diclofenac au brufen, akameza, Jumatatu akajisikia vizuri, na Ijumaa akaanza upya. Wengine huchomwa sindano ileile kila wiki kama chanjo. Dawa hizi ni nzuri zikitumiwa kwa siku chache na kwa sababu inayojulikana. Zikitumiwa miezi mfululizo, hasa tumbo likiwa tupu, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kutokwa damu ndani, na huweza kuziumiza figo, zaidi kwa mtu anayeshinda juani bila kunywa maji ya kutosha. Huyo ndiye mpigapicha wa arusi hasa: anapiga picha watu wakila, naye hali. Nimewaona waliokuja wakitapika damu kwa ajili ya maumivu ya bega ambayo mkanda mpana ungeyapunguza kwa gharama ndogo kuliko zile sindano.

Wapo watakaosema wakongwe walivumilia. Mfano unaotolewa daima ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Alibeba kamera za video za enzi zile, ambazo zilikuwa mzigo wa kweli, na alipopoteza mkono wa kushoto katika mlipuko huko Addis Ababa mwaka 1991 alirudi kazini na mkono wa bandia, hadi alipofariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro. Mimi namheshimu mno, lakini mfano huu sikubali utumiwe kumwambia kijana avumilie. Mtu yule, alipobaki na mkono mmoja, hakuwa na budi kupanga upya namna yote ya kushika na kubeba vifaa. Vijana wetu wenye mikono miwili hawataki kupanga hata mkanda.

Basi achague nini? Kwa kamera moja nzito, nashauri mkanda mpana unaovaliwa bega moja na kuvuka kifua, kamera ikakaa karibu na nyonga ya upande wa pili. Mzigo hubaki karibu na mwili, shingo huachwa huru, na mkono huishika kamera kwa kuteremka tu, bila kutafuta. Mkanda uwe wa sentimita 4 au 5 pale unapokaa begani, uwe na sponji kidogo lakini si nene kupita kiasi, maana sponji nene hujiviringisha. Urefu wake uweze kubadilishwa, na kila baada ya saa moja au mbili uhamishwe kwenda bega la pili. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa kila mtu ana bega analolipenda. Jilazimishe.

Kwa kamera mbili, ipo mikanda ya kuvaa mabega yote mawili kama ovaroli, kamera moja kila upande. Husawazisha mzigo vizuri sana. Wengine wanaiita ya majambazi wa sinema, na kweli mvaaji hufanana nao kidogo, lakini ile ya ngozi ya kahawia juu ya shati jeupe hupendeza hata kanisani.

Niseme neno kwa wasichana, ambao kila mwaka wanaongezeka katika kazi hii na ambao watengenezaji wa mikanda ni kama hawajawasikia. Mkanda ulionyooka unaovuka kifua cha mwanamke hubana titi, hukunja nguo na humfanya ainamishe bega mbele ili ajifiche. Maumivu ya kati ya mapafu ya mabega aliyo nayo mara nyingi yametoka hapo. Mkanda uliokatwa kwa kupinda, au ule wa mabega mawili unaofungwa mgongoni tu, humfaa zaidi. Akiwa mjamzito, mzigo wote uhamie kwenye begi la mgongoni lililo jepesi, na msaidizi abebe zile lenzi. Hapo sina maelewano.

Siku hizi imeingia mikanda ya kamba ya mviringo, iliyosokotwa kwa rangi nzuri, nyembamba kama kidole. Ni mizuri kwa macho, nami naisifu kwa kamera ndogo ya mfukoni ya safari. Usiitundikie kilo 3. Ni kama kuvalia gauni la arusi shambani.

Ngozi pia ina neno lake. Mikanda yenye mpira laini unaovutika, ule wa nguo za wapiga mbizi, huchukua mtikisiko vizuri na huifanya kamera ionekane nyepesi. Lakini haipitishi hewa, na wapo watu ambao dawa zinazotumika kuutengeneza mpira huo huwawasha, wakatoka vipele vyenye umbo la mkanda wenyewe. Bizimu za bei rahisi zenye madini ya nikeli nazo huwaletea baadhi ya watu mwasho. Ukiwa ni mtu ambaye vipuli vya bei nafuu humtoa maji masikioni, bizimu isiguse shingo yako. Pamba, turubai laini na ngozi iliyolainishwa vizuri huwapatana wengi. Na mkanda ufuliwe. Jasho la arusi tatu likikaukia humo huwa kama msasa.

Sasa begi. Kuhusu begi mimi nina ushahidi ninaoupenda kuliko mwingine wowote, nao ni wa nyumbani kabisa. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya na wataalamu akiwemo Maloiy juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba mzigo kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji la uso. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu zaidi ya waliyotumia wakitembea mikono mitupu. Simshauri mpigapicha aweke kamera kichwani, wala abebe kwa paji la uso, kwa maana mkanda ule nao huacha alama zake kwa miaka. Ninachochukua pale ni kwamba mama zetu hawaningʼinizi mzigo upande mmoja. Huuweka pale ambapo mwili unaweza kuukalia sawasawa, kisha hutembea kwa mwendo mmoja bila kuyumba.

Begi la bega moja huvunja kanuni hiyo. Lina faida yake: hufunguliwa haraka, na katika umati wa watu huweza kuvutwa mbele ya kifua mtu asiibiwe. Kwa lenzi mbili na betri, kwa saa tatu, halina ubaya mkubwa, almuradi mkanda wake uvuke kifua na begi likae juu ya nyonga, si gotini. Lakini kwa kazi ya kutwa, au ya kutembea, begi la mgongoni lenye mikanda miwili mipana na mshipi wa kiunoni ndilo la kununua. Mshipi huo si wa urembo. Ukifungwa vizuri juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya mzigo huondoka mabegani na kushuka kiunoni, ambapo mwili una mifupa na misuli ya kuubeba. Usikazwe kupita kiasi. Ukibana mno kwenye kinena huweza kuubana mshipa wa fahamu wa paja, na mtu akashangaa upande wa nje wa paja lake umekufa ganzi kumbe ni mshipi tu.

Anayekwenda Saiwa Swamp, mbuga ile ndogo kuliko zote za taifa, karibu na Kitale, kumtafuta sitatunga matopeni, hutembea kwa miguu tangu mlangoni, na ataujua utamu wa mshipi wa kiunoni kabla ya kuufikia mnara wa pili. Vivyo hivyo anayemfuata mtahiriwa wa Bungoma. Kijana yule wa tohara hukimbia na kengele zake mikononi, huenda kwa mjomba wake akavishwa kipande cha nyama shingoni, huimbiwa usiku kucha, na alfajiri hupelekwa mtoni kupakwa matope. Mpigapicha yuko nyuma yake safari nzima. Tofauti ni kwamba mtahiriwa huvuliwa ile nyama, na hata siku yake ikishapita kuna watu wa kumwuguza. Mpigapicha, mzigo wake ukiwa bado shingoni, anaitwa boma la pili.

Tatizo ni kwamba nikiutaja mshipi wa kiunoni, vijana hucheka. Mmoja aliniambia, "Daktari, nikifunga hiyo nitaonekana mtalii wa Mlima Elgon. Bwana arusi atanilipa vipi?" Sikumkemea, kwa sababu ana hoja. Kazi yake inategemea sura. Mteja wa Kitale humpima mpigapicha kwa macho kabla hajaona picha hata moja. Wenzangu wa taaluma ya udaktari hudharau hoja hii na kuiita majivuno, halafu hushangaa kwa nini wagonjwa hawafuati ushauri. Kiatu cha tiba kisichopendeza hubaki chini ya kitanda. Mkanda usiopendeza hubaki kwenye sanduku.

Kwa hiyo nasema tafuta kinachopendeza na kisichoumiza, kwa sababu vipo. Mshipi wa begi ukiwa mweusi na bapa hupita chini ya koti na hauonekani. Begi la turubai la rangi ya udongo lenye pindo za ngozi hukubaliana na suti na hukubaliana na gambuti. Kampuni ya Kiingereza ya Billingham, ambayo mabegi yake ya kamera huuzwa ghali duniani kote, ilianza miaka ya 1970 kwa kushona mabegi ya wavuvi. Wapigapicha wa New York ndio walioyanunua na kuyatia kamera, kampuni ikashtuka na kubadili kazi. Miaka hiyo hiyo Jim Domke, mpigapicha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, alibuni begi lake la turubai laini lisilo na kuta ngumu kwa sababu mabegi magumu ya wakati ule yalimwelemea. Begi lisilofanana na begi la kamera lina faida nyingine ambayo mkazi wa mji wowote anaijua. Mkanda wenye jina la kampuni kwa herufi kubwa za manjano ni tangazo, na katika stendi ya matatu saa tatu usiku anayelisoma si mteja.

Wala si lazima mtu aagize ng'ambo. Fundi wa viatu na fundi wa mahema wa Kitale au Bungoma wanaweza kushona mkanda mwema sana. Utepe wa mkanda wa kiti cha gari, unaopatikana kwa wavunja magari, una upana wa karibu sentimita 5, ni laini kingoni na umetengenezwa kumzuia mtu mzima asirushwe. Usiwe umetoka kwenye gari lililogongwa, na usiwe umechanika nyuzi. Mwambie fundi ashone kwa uzi wa nailoni, mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, si mstari mmoja. Chini ya bega atie kipande cha kitenge au kikoi juu ya sponji nyembamba, na hapo utakuwa na mkanda ambao hakuna mwingine anao katika kaunti nzima. Kabla hujautundikia kamera, tundikia mfuko wenye pakiti ya unga ya kilo 2 na sukari ya kilo moja, uzunguke nao uani nusu saa ukirukaruka. Ukikatika, utaokota unga.

Kuna hatari moja ninayoitenga na nyingine zote, kwa maana hii haina subira ya miaka. Ni bodaboda. Kati ya Kitale na vijiji vya Kiminini na Kamukuywa, mpigapicha husafiri kwa pikipiki na kamera ikiwa shingoni, tayari kwa kazi. Pikipiki ikianguka, ile kilo 3 ya chuma na kioo ndiyo inayokuwa kati ya kifua chake na lami. Mkanda unaoning'inia nao unaweza kunaswa na gurudumu la nyuma, kama leso za kina mama zinavyonaswa. Juu ya pikipiki kamera iingie begini, begi likae mgongoni likiwa limekazwa, ncha zote za mikanda zikiwa zimechomekwa, na kofia ya chuma kichwani. Ukifika utaitoa. Maharusi hawajaanza bila wewe.

Kwa wenye studio nina neno gumu kidogo. Wengi wenu mmewaajiri vijana, mkawapa kamera ya maelfu ya shilingi na kuwakata mshahara ikikwaruzwa, lakini mkanda mliowapa ni ule wa bure wenye umri wa miaka minane. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Mnaweza kubishana nami kama kilo 3 ni mzigo wa namna hiyo. Kwa saa moja, sivyo. Kwa saa kumi na mbili, shingoni, kila wikendi kwa miaka mitano, mimi nitakuwa tayari kusema ndivyo mbele ya yeyote atakayeniuliza. Bei ya mkanda mwema na begi lenye mshipi ni ndogo ukilinganisha na lenzi moja. Nunueni.

Mwisho, dalili za kutopuuzwa. Maumivu ya misuli yanayokuja baada ya kazi na kwisha kwa kupumzika siku mbili si ya kuhangaikia. Badili mkanda, nyoosha shingo na mabega asubuhi na jioni, punguza unachobeba. Lenzi ambayo hukuitumia katika arusi tatu zilizopita ibaki nyumbani. Lakini ganzi isiyoisha, mkono unaoangusha vitu, msuli wa bega au wa kiganja unaoonekana kusinyaa, au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni hadi vidoleni kila ukigeuza kichwa, hayo yanahitaji daktari wiki hiyohiyo. Miguu ikianza kuwa mizito au mkojo ukibadilika, ni siku hiyohiyo. Choo cheusi kama lami kwa mtu anayemeza dawa za maumivu pia ni siku hiyohiyo, usiku au mchana. Na anayekuja kwa ajili ya shingo au bega aje na vifaa vyake vyote vya kazi, begi limefungwa kama anavyolibeba Jumamosi, tukalipime kwenye mizani kwanza.